Alama ya Sofia

Kila asubuhi Fadhila alikaanga mandazi mbele ya nyumba ya shemeji yake, mtaani Kilibula, mjini Uvira. Zamani alikaangia mlangoni kwake, na binti yake Sofia ndiye aliyewafungia wateja mandazi.

Ziwa lilipopanda na kumeza nyumba yao ya ufukweni, Fadhila na mumewe Iddy walihamia juu, kando ya korongo kavu. Wakaona wamepona. Nani angewalaumu? Uvira nzima ilikodolea macho ziwa, ikaupa mlima mgongo. Kisha mvua ikanyesha mlimani. Maji yakashuka kupitia korongo, yakaibeba nyumba, yakambeba na Sofia.

Sasa Iddy alikuwa akirundika matofali palepale.

“Baba Sofia, weye utajenga tena hapa?” Fadhila aliuliza.

“Ziwa haitafika hapa. Na mutoto alifia hapa. Nimuache yeye peke?”

Fadhila alitazama mlimani. Mgongoni alikuwa na Bahati, mtoto wao wa mwisho. Kila wingu lilimtia hofu.

Jirani yao Amandine alifanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu. Alipokuja kununua mandazi, Fadhila alimweleza yote.

“Mama Sofia, kuya ku biblioteke,” Amandine alisema. “Tunafundisha watu kuchora karte.”

“Minye? Sikusoma sana.”

“Unajua fasi maji ilipita. Ile ndiyo tunatafuta. Ingine nitakuonesha.”

Maktabani Fadhila alijifunza kuchora ramani: kuifanya simu itambue mahali iliposimama. Kisha yeye na Amandine wakazunguka mtaa. Penye mstari wa tope ukutani, Fadhila alisimama, akawauliza wenyeji maji yalifika wapi, akabonyeza simu. Kila kubonyeza, alama moja. Kuta nyingine alizibonyezea huku akilia.

Waliporudi, Amandine alizipanga alama zote juu ya picha ya mtaa iliyopigwa kutoka angani. Iddy naye aliitwa aone. Alama zilishuka kutoka mlimani hadi ziwani, zimefuatana kama siafu. Matofali yake yalikuwa katikati.

“Hii iko njia ya maji,” Amandine alisema. “Hata mu foto ya zamani, kabla ya watu kujenga, inaonekana. Maji itarudia.”

Iddy aliweka kidole mahali pa matofali yake.

“Na Sofia?”

Fadhila alichukua simu. Walikwenda pamoja hadi palipokuwa na kitanda cha Sofia. Akabonyeza, akaandika jina lake.

“Sasa iko mu karte. Hatumuachi.”

Iddy alilia kwa sauti. Kesho yake akaanza kuhamisha matofali hadi kiwanja cha ndugu yake, mbali na alama. Chefu, yaani mkuu wa mtaa, akaibandika ramani ile ukutani kwake, na majirani kadhaa wakahama.

Mvua kubwa ilirudi, mchana kweupe. Fadhila alimkumbatia Bahati, akisikia mawe yakigongana korongoni. Ilipokatika, walishuka kuangalia. Tope lilikuwa limefunika mahali pa jina lile. Iddy alisimama pale, kofia mkononi.

Safari hii hakukuwa na mtu wa kutafutwa.