Ulimi wa Marcella

Kila asubuhi Lynnet alianika omena ufuoni mwa ziwa, huko Sori. Alitandaza nyavu kuukuu juu ya mchanga, akamwaga wale samaki wadogo, kisha akawatawanya kwa mkono ili jua liwafikie wote. Mume wake, Gordon, alikuwa fundi wa injini za mashua. Mtoto wao mmoja, Awino, alikuwa darasa la pili. Akitoka shuleni alichukua kidumu cha manjano na kwenda kuteka maji kwenye pampu ya sokoni.

Zamani pampu hiyo haikuwepo. Watu walikunywa maji ya ziwa jinsi yalivyo. Mvua kubwa ikinyesha, uchafu wa vyooni ulisombwa hadi ziwani, na watu waliugua kipindupindu. Ndipo Marcella, muuguzi wa zahanati, alipowakusanya akina mama. Walizunguka ofisi baada ya ofisi hadi kisima kikachimbwa na pampu ikawekwa.

Marcella hakuwa msemaji. Nyumbani kwa mgonjwa alizungumza Kijaluo kwa upole, na watu walimwelewa. Lakini akisimama mbele ya watu wengi, Kiswahili chake kilikwama. Hata hivyo, alipostaafu, akina mama walimwomba agombee kiti cha mwakilishi wa wadi. Akakubali.

Siku ya mkutano wa kampeni uwanja ulijaa. Walikuwepo Wajaluo, Wakuria na wengine, kwa hiyo wagombea waliombwa waongee Kiswahili. Marcella alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Watu wangu," alisema, "mkinipa kura, nitaleta kipindupindu, nimalize maji safi."

Watu walitazamana. Kisha uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Samahani," Marcella alisema. "Nimegeuza maneno. Nitaleta maji safi, nimalize kipindupindu. Pampu moja haitutoshi. Na hii tuliyo nayo imechakaa, inahitaji fundi."

Wachache tu walimsikia. Wengine walikuwa bado wanacheka.

Baada yake alisimama Clifford. Alikuwa mwanamume wa sauti nzuri, na Kiswahili chake kilitiririka.

"Ndugu zangu, msitishwe na habari za maji," alisema. "Mtu wa ziwa ana tumbo la chuma. Babu zenu walikunywa maji ya ziwa, na nyinyi mko hapa mmenawiri."

Watu walipiga makofi. Gordon alipiga makofi pia.

Jioni hiyo video ya Marcella ilifika kwenye simu ya Gordon. Ilikuwa imekatwa. Ilimwonyesha akisema ataleta kipindupindu, ikaishia hapo. Gordon alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akaituma kwa mafundi wenzake.

"Lakini alijisahihisha," Lynnet alisema. "Nilikuwa mbele, nilimsikia."

"Mama Awino, mtu anashindwa na maneno mawili ya Kiswahili. Huko kaunti atatutetea vipi?"

Lynnet aliinuka kwenda kuosha vyombo.

Kabla ya wiki kwisha, kila mtu alimwita Marcella "Mama Kipindupindu". Watoto waliligeuza jina hilo kuwa mchezo. Mmoja alijifanya Marcella, wengine wakamkimbia huku wakipiga mayowe. Awino alicheza pia. Siku moja Marcella alipita walipokuwa wakicheza. Aliinamisha kichwa, akapita upande mwingine wa barabara. Baada ya hapo hakuonekana sana sokoni.

Clifford alishinda kwa kura nyingi. Moja ya kura hizo ilikuwa ya Lynnet. Aliona aibu kumchagua mtu ambaye kila mtu anamcheka.

Baada ya muda pampu iliharibika. Wazee walimwendea Clifford. Aliwapokea vizuri, akawapa chai na soda, akaahidi kulishughulikia jambo hilo. Halafu alienda kwenye harambee ya kanisa, akasema tena kwamba mtu wa ziwa ana tumbo la chuma. Alisema hivyo na siku ya wazazi shuleni. Kila mara watu walicheka. Pampu ilikaa vile vile, na mbuzi wakaanza kulala kwenye kivuli chake.

Awino alirudi kuteka maji ziwani. Lynnet alikuwa na makaa ya kutosha kupikia chakula tu, hivyo siku nyingine alichemsha maji ya kunywa, siku nyingine hakuchemsha.

Mvua za masika zilipokuja, zilikuja kwa nguvu.

Awino aliamka akisema tumbo linamuuma. Alianza kuharisha maji meupe kama maji ya mchele uliooshwa. Kisha akatapika. Lynnet alimpa maji ya chumvi na sukari, lakini hayakukaa tumboni. Macho ya mtoto yakazama ndani. Gordon alimbeba kwa pikipiki, Lynnet akiwa amemshika kwa nyuma.

Zahanati ilikuwa imejaa. Watu walilala hadi kwenye veranda. Muuguzi alitafuta mshipa kwenye mkono wa Awino, akaukosa, akatafuta tena mguuni. Alipoupata, maji ya dripu yakaanza kuingia polepole.

"Mama," Awino alisema, "nasikia kiu."

Lynnet alimlowesha midomo. Alikuwa bado anamlowesha wakati muuguzi alipomshika bega na kumwambia aache.

Wakamzika nyumbani, kando ya boma.

Clifford alikuja mazishini. Alizungumza vizuri sana. Alisema mtoto ni ua, na Mungu hupenda kuchuma maua mazuri. Watu wengi walilia. Hakusema lolote kuhusu pampu. Alipomaliza, alipeana mikono na wazee, akaondoka kwenda mazishi mengine.

Marcella pia alikuja. Siku hizo alikuwa amehamia kisiwa cha Takawiri, kwa kaka yake. Alipewa nafasi ya kusema, akatikisa kichwa. Alikwenda akaketi chini kwenye mkeka, karibu na Lynnet, akamshika mkono. Alikaa hapo hadi wageni walipoanza kuondoka.

Gordon alimtazama kutoka mbali. Alitaka kumsalimu. Badala yake akaenda kupanga viti.

Jirani yao alikuwa Bhoke, ambaye wengi walimwita Mama Mniko. Alikuwa mwanamke wa Kikuria aliyeolewa Sori. Aliuza nafaka ya wimbi sokoni, na kanisani alifundisha watu kuhusu uchaguzi na haki zao. Baada ya mazishi alikuja mara kwa mara na sufuria ya uji, maana nyumbani kwa Lynnet moto ulikuwa hauwashwi.

Siku moja Gordon alimwambia, "Mama Mniko, yule mama alituambia atamaliza kipindupindu. Mimi nikamcheka."

"Wengi walicheka, Baba Awino."

"Sasa mtu wa kawaida atajuaje neno la kucheka na neno la kuogopa?"

Bhoke aliweka kikombe chini.

"Ulimi wa kila mtu huteleza," alisema. "Mimi nimeishi hapa miaka mingi, na bado Kijaluo changu kinawachekesha. Neno lililoteleza utalijua. Mwenyewe hulisahihisha. Halirudii. Tena halifanani na kazi yake. Marcella alisema ataleta kipindupindu. Maisha yake yote, alituletea nini?"

"Dawa," Gordon alisema. "Na pampu."

"Haya. Clifford alisema tumbo letu ni la chuma. Alisahihisha?"

"Hapana."

"Alisema mara moja?"

"Alisema uwanjani. Akasema kanisani. Akasema shuleni."

"Na pampu ilipokufa?"

"Aliwapa wazee chai na soda."

"Basi hakuteleza," Bhoke alisema. "Alikuwa anatuambia anavyotuona. Tukadhani ni mzaha kwa sababu Kiswahili chake ni kizuri."

Lynnet alikuwa amekaa mlangoni, amewapa mgongo. Aligeuka.

"Kwa hiyo maneno ya mgombea hayana maana? Tuangalie kazi tu?"

"Yana maana, Mama Awino. Mgombea akitukana kabila la jirani, akidharau maskini, akisema wanawake hawawezi kitu, pima hilo neno. Lakini usilipime kwa kicheko. Tafuta maneno yote, usitosheke na kipande cha video. Ukipata nafasi, muulize: ulimaanisha nini? Msikilize mpaka mwisho. Halafu angalia mikono yake imefanya nini."

"Mafundisho haya yamechelewa," Lynnet alisema.

"Yamechelewa," Bhoke alikubali. "Sina neno la kukufariji."

Uji ukapoa kikombeni.

Miaka ya Clifford madarakani ilikwenda ikakaribia mwisho. Kabla ya kampeni nyingine kuanza, Gordon alisafiri hadi Mbita, kisha akapanda mashua kwenda Takawiri. Alimkuta Marcella akipalilia mtama nyuma ya nyumba.

"Mama, akina mama wa Sori wamenituma," alisema. "Wanakuomba usimame tena." Kisha akaongeza, "Na mimi nimekuja kukuomba radhi. Ile video niliituma kwa watu."

Marcella aliegemea jembe.

"Mwanangu, wewe umezika mtoto. Mimi siwezi kukudai kitu."

"Utarudi?"

"Nikishika kipaza sauti, maneno yanageuka. Nasikia bado wakicheka. Nitakosea tena."

"Utakosea," Gordon alisema. "Safari hii tutakungoja umalize."

Hakumjibu siku hiyo. Lakini majina ya wagombea yalipotangazwa, la Marcella lilikuwemo.

Siku ya mkutano Bhoke alikuwa ameshazunguka vikundi vya akina mama na vya vijana, akiwafundisha yale aliyomwambia Gordon. Uwanja ulijaa kama zamani. Marcella alishika kipaza sauti.

"Nikishinda," alisema, "pampu itatengenezwa mwaka uliopita."

Vijana wachache walicheka. Mmoja aliinua simu. Lynnet alisimama. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi kichwani, na watu walimjua yeye ni nani. Kicheko kikafa.

"Mama Marcella," alisema, "umesema mwaka uliopita. Ulimaanisha nini?"

"Asante, mwanangu. Nilimaanisha mwaka ujao." Marcella alivuta pumzi. "Mwaka ujao, katika bajeti ya kwanza. Nimeshaongea na fundi. Amenieleza ni kifaa gani kimekufa na kinapatikana wapi."

Lynnet hakuketi. Alimgeukia Clifford, aliyekuwa amekaa na wagombea wengine.

"Mheshimiwa, na wewe ulisema mtu wa ziwa ana tumbo la chuma. Ulimaanisha nini?"

Clifford alitabasamu. "Mama yangu, ule ulikuwa utani tu. Watu wetu wanapenda kucheka."

"Uliusema tena kanisani, pampu ikiwa imeharibika. Ukausema shuleni. Mtoto wangu alikuwa amekaa kwenye nyasi, anakusikiliza."

Clifford alifungua mdomo. Safari hii maneno hayakuja upesi. Mwishowe alisema habari za maendeleo ni ndefu, na muda ni mfupi.

"Nimekusikia," Lynnet alisema, akaketi. Bhoke alimfunika mabega kwa leso.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliondoka wakizungumza kwa sauti ya chini.

Marcella alishinda kwa kura chache. Hata hivyo wapo waliomchagua Clifford tena, kwa sababu wanapenda anavyoongea. Bhoke husema hiyo ni haki yao, naye huendelea kuwafundisha.

Mwaka uliofuata fundi alikuja na kifaa kipya, na pampu ikatengenezwa. Baadaye ya pili ikawekwa karibu na shule. Masika yalipofika, mvua ilikuwa kubwa na ziwa likawa la rangi ya udongo. Zahanatini walikuja wagonjwa wa malaria na wa kikohozi. Wa kipindupindu hawakuja.

Asubuhi moja Lynnet alikwenda kwenye pampu ya shule. Kulikuwa na msichana mdogo, sare yake imemzidi ukubwa. Alikuwa amekinga viganja vyake chini ya bomba, anataka kunywa.

Mkono wa Lynnet ulinyooka wenyewe kumzuia. Kisha akakumbuka kwamba maji haya ni safi. Akaurudisha.

"Kunywa, mama," alimwambia. "Kunywa ushibe."

Akaushika mpini wa pampu, akampampia mpaka alipotosheka.