Supu ya Ofelia

Mgahawa ambao Damaris aliubuni kwa kichwa chake mwenyewe ulipata maoni yake ya kwanza Jumanne, saa saba na robo mchana.

Alikuwa ofisini Abu Hamour, mjini Doha, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la manukato. Kazi yake ilikuwa kuandika miongozo ya safari: mji fulani, ule wapi, uone nini. Miji yenyewe hakuwahi kuikanyaga hata mmoja. Alisoma mtandaoni, akachanganya, akatia chumvi kidogo, na mwongozo ukapanda kwenye tovuti. Vijiuongo vya namna hiyo havikumnyima usingizi. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Santa Brígida, mji mdogo wa milimani huko Kolombia. Aliyeuagiza mwongozo ni Onyango, Mkenya mwenzake, mtu wa kompyuta anayekaa Lusail, aliyetaka kuwapeleka huko mkewe na watoto wao watatu.

Mambo ya kuona yalikuwa tele: kanisa jeupe, maporomoko ya maji, mashamba ya kahawa, soko la Jumapili. Shida ilikuwa chakula. Onyango ni Msabato wa Rongo, na Msabato haonji nguruwe, na kule Santa Brígida nguruwe alikuwa ndani ya maharagwe, ndani ya supu, mpaka ndani ya mikate. Migahawa saba, yote saba nguruwe. Damaris akakuna kichwa, akatazama saa, akajenga wa nane.

"Kwa Ofelia," aliandika. "Nyuma ya kanisa, mlango wa buluu. Mama Ofelia hupika supu ya kuku tu, na moto wake hauzimiki. Usibishe hodi. Mlango uko wazi kwa yeyote ajaye."

Sasa chini ya maneno hayo kulikuwa na maoni, tena kwa Kiswahili, ilhali mwongozo mzima ulikuwa wa Kiingereza.

"Nimehamia. Nyumba ni nzuri. Kuku wamekwisha."

Damaris alicheka kwa pua. Akamgeukia meneja wake, Henry, Mganda mnene aliyezoea kusinzia kitini wakati wa mapumziko ya mchana, joto linapowafungia watu wote ndani.

"Bosi, ni wewe unanichezea?"

"Nyabo, Kiswahili chenyewe nakiokota barabarani, nitakiandika vipi?" Henry alijibu bila kufumbua macho. "Niache nilale."

Kesho yake ofisi ilinuka supu. Haikuwa harufu ya kupita, la, ilikaa pale pale: giligilani, kuku, na chini yake kitu kingine kizito, kama damu iliyochemka. Chelsea, mdogo wake Damaris, ndiye aliyeisikia kwanza. Alikuwa mpika chai na mfagiaji wa ofisi hiyo hiyo, mwezi wa sita tangu dada yake amlete kutoka Webuye. Siku ya kumchukua, mama yao aliwashika wote wawili mikono akasema, Damaris, huyu nakupa mzima, unirudishie mzima. Damaris aliapa. Tangu siku hiyo hakuwahi kulala kabla hajasikia mdogo wake anakoroma.

"Dada," Chelsea alinong'ona, akisimama karibu mno. "Hawa wa chini siku hizi wanapika?"

"Wanauza uturi, wapikie wapi?"

"Basi nani anakatakata nyama?"

Wakatega masikio. Ta. Ta. Ta. Sauti ilitoka ndani ya ukuta wa nyuma, na nyuma ya ukuta huo hakukuwa na chumba, palikuwa na hewa tupu na barabara. Damaris alitazama kompyuta. Maoni ya pili yalikuwa yamefika.

"Yule mdogo ananukia vizuri."

Hapo ndipo Damaris alipokosea, na kosa lenyewe ungelifanya hata wewe. Aliufuta mgahawa. Mlango wa buluu, moto, supu, vyote akavifuta kwa kidole kimoja, akashusha pumzi akidhani amemaliza.

Ukuta ukanyamaza. Chelsea akaangusha trei ya chai.

Aliponyanyua uso hakuwa Chelsea. Macho yalikuwa yake, shavu lenye kovu la tetekuwanga lilikuwa lake, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, mpole, mwenye adabu zake.

"Umenibomolea," ilisema. "Nilikuwa nimeshabandika chungu."

Henry aliamka kwa kishindo cha vikombe, akainuka kumshika binti mkono, na binti yule wa kilo hamsini akamkamata kifundo, akakizungusha mpaka mfupa ukalia, akambamiza uso kwenye kioo cha kabati mara moja, mara mbili, mara ya tatu, kioo kikaingia shavuni na meneja akaanguka chini bila hata kupiga kelele, damu ikimtoka kwa wingi hadi kwenye zulia, huku lile jini lililomwingia Chelsea likimruka bila kumtazama na kwenda moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kukatia karatasi, ile yenye mkono mrefu wa chuma, likaunyanyua mkono wa mashine, likaweka chini yake kidole kidogo cha Chelsea, na likauteremsha.

Ta.

Damaris alipiga yowe. Jini halikupiga. Lilikiokota kidole, likakinusa, likakitia kinywani.

"Kuku wamekwisha," lilisema likitafuna.

Kulikuwa na mtu mmoja tu Doha wa kumpigia. Bi Miriam, Mmombasa, alikuwa mpishi wa nyumba moja huko Al Wukair. Wakenya, Wakristo kwa Waislamu, walimjua kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakupenda litajwe: baba yake alikuwa akipunga majini, na alimrithisha. Alipokea kwa mnong'ono, maana bibi wa nyumba alikuwa amelala chumba cha pili. Damaris alimweleza akirukaruka maneno, mgongo wake umegandamana na mlango.

"Ngoja, mwanangu. Umejenga nyumba?"

"Nimeiandika tu, Bi Miriam! Haiko!"

"Sikiza. Kwetu nyumba mpya haihamiwi mpaka isomewe, ifukizwe ubani, na mwenyewe alale ndani. Wewe umejenga, umewasha moto, umeacha mlango wazi, ukaenda zako. Ameingia. Kisha umembomolea. Ulitaka alale wapi?"

"Nifanye nini?"

"Mrudishie."

Damaris alijikokota hadi kwenye kompyuta huku jini likimtazama kwa subira ya mama anayengoja maji yachemke. Alikuwa mjanja wa maneno, ndiyo kazi yake, na woga ulimfundisha hila: akaandika, "Kwa Ofelia. Pamefungwa. Hakuna anayeingia."

Jini halikusogea kusoma. Lilitikisa kichwa kwa huzuni, likaweka kidole cha pili.

Ta.

"Dada!" Ilikuwa sauti ya Chelsea sasa, yake kabisa, imefunguliwa kidogo tu ili maumivu yasikike, na msichana alilia jinsi alivyokuwa akilia utotoni, bila haya, kamasi na machozi na damu vikichuruzika pamoja, akimwita dada yake, akimwita mama, kisha ile sauti ikafungwa tena katikati ya neno na yule mwanamke mpole akarudi, akakipanga kidole cha tatu chini ya chuma, akakinyoosha vizuri, akangoja.

"Usimfanyie werevu!" Bi Miriam alifoka kwa kunong'ona. "Yaandike kama yalivyokuwa!"

"Na watu wakienda huko?"

"Wataenda. Hayo utamjibu Mola wako. Asipopata wageni kule, atarudi kwa wale anaowajua. Mtoto anamwaga damu, mwanangu. Chagua."

Damaris aliandika. Nyuma ya kanisa. Mlango wa buluu. Aliandika huku akijua idadi yao: Onyango, mkewe, watoto watatu. Alijichukia kila herufi, na hakusita hata herufi moja. Alipobonyeza kuutuma, harufu ya supu ilitoka chumbani mara moja, na Chelsea akaanguka sakafuni akipumua.

Hospitalini dada wawili walisema mashine ndiyo iliyokata vidole. Henry, mkono kwenye plasta na nyuzi shavuni, hakubisha. Alichosema ni kwamba hatarudi ofisi ile.

Wiki tatu baadaye Damaris alikuwa chumbani kwao, akimlisha mdogo wake uji, simu ilipolia. Ilikuwa namba ya mbali, na nyuma yake kengele za kanisa.

"Sista Damaris! Onyango hapa. Tumefika Santa Brígida, mambo yote ni vile uliandika. Maporomoko, kahawa, wueh! Lakini hapa Kwa Ofelia, ramani haionyeshi, na watu wa hoteli wanasema hawapajui. Nikuulize tu, hii kitu iko ama haiko?"

Siku nyingi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alikuwa na jibu tayari, jibu la mtu mwema. Akamtazama Chelsea, kijiko mdomoni, mkono wa kushoto umefungwa bendeji nyeupe, vidole vitatu vikichungulia. Chelsea alikuwa ameacha kumeza. Alikuwa akinusa hewa.

"Iko," Damaris alisema. "Lakini, ndugu yangu, nakuomba. Watoto waacheni hotelini."

Onyango akacheka, cheko la mtu aliye likizo.

"Watoto? Wao ndio wametangulia. Wanasema wamesikia harufu ya supu."