Tarehe ya Kupimwa Macho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Robi aliteka maji, akapika uji, kisha akamsaidia mama yake, Marcelina, kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Mtoto huyo, Hezron, alikuwa njiti. Alizaliwa miezi miwili na nusu kabla ya wakati, akiwa na kilo moja na robo, akawekewa oksijeni hospitalini Musoma kwa wiki tatu.

Marcelina hakujua kusoma. Siku waliporudi nyumbani Kibara alimpa Robi kadi ya hospitali.

"Nisomee. Turudi lini?"

Kadi ilisema: kupima macho, Alhamisi tarehe 12. Siku hiyo Robi alikuwa acheze mpira wa pete Bunda, na mama hakuwahi kwenda Musoma bila yeye kumsomea vibao.

"Tarehe 26," alisema.

Tarehe 12 alicheza. Walishinda.

Tarehe 26 muuguzi aliipokea kadi. "Mama Robi, mmechelewa wiki mbili."

"Hatujachelewa. Muulize huyu, ndiye aliyesoma."

Robi aliangalia sakafu. "Ilikuwa tarehe 12. Nilikuwa na mechi."

Daktari Mugeta alimtia Hezron dawa ya matone, akamchunguza kwa muda mrefu.

"Njiti huzaliwa mishipa ya damu ya macho haijakamilika," alisema. "Inaweza kukua vibaya na kuubandua utando wa nyuma unaopokea mwanga. Kwa nje jicho huonekana zima. Ndiyo maana tunawapima wiki ya nne. Utando wa jicho la kulia umeshabanduka. La kushoto bado. Nendeni Mwanza leo likatibiwe kwa mwanga wa leza."

"Ningesema ukweli, angeona yote mawili?" Robi aliuliza.

"Sijui kwa hakika. Wengi wanaowahi hupona. Yeye hakuipata nafasi hiyo."

Mwanza waliliokoa jicho la kushoto. La kulia halitaona.

Waliporudi nyumbani, Robi alisubiri fimbo.

"Sikuchapi," mama alisema. "Fimbo haimrudishii jicho. Nilikuwaga nakuuliza wewe kwa sababu sina njia nyingine ya kujua. Ukimsomea mtu, soma kilichoandikwa, hata kama hukipendi."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Turudi lini?"

"Ijumaa, tarehe 10."

Marcelina akaichukua kadi, akampelekea jirani yao Ghati aisome tena.