Robo Saa ya Chaki

Saa tatu kasoro dakika kumi, Jumamosi asubuhi, gurudumu moja lilikuwa limeshatundikwa kwenye msumari nje ya karakana ya baiskeli, ishara kwamba kazi imeanza. Ndani, binti wa fundi alikuwa anafagia vumbi la chuma. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na wateja walimwita Kucha, kwa sababu aliburuta ukucha wa kidole gumba juu ya kila fremu akitafuta nyufa ambazo macho hayazioni.

Baba yake alikuwa amekwenda kununua spoki. Karakana ilikuwa mikononi mwa Kucha, pamoja na uzi mweupe.

Mtu aliyetaka kununua baiskeli iliyotumika aliileta kwanza kwa fundi. Ikiwa nzima, ilifungwa uzi mweupe chini ya kiti, na mnunuzi hakuuliza zaidi. Kipimo kilikuwa hiki: penye shaka, rangi inakwanguliwa, panapakwa mafuta ya taa, panafutwa mpaka pakauke, kisha panapakwa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Kazi ya robo saa. Tangu mwaka huu, Kucha aliruhusiwa kuifanya peke yake.

"Kucha! Toka uone chuma hiki!"

Aliyeita alikuwa Twiga, msichana mwenye miguu mirefu kuliko wote shuleni. Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Twiga alikuwa amechaguliwa kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya baiskeli baada ya wiki mbili, lakini hakuwa na baiskeli ya mbio. Sasa kinyozi wa mtaa wa pili alikuwa nyuma yake, anasukuma moja ya buluu.

"Shikamoo, mjomba," Kucha alimwamkia.

"Marahaba. Fanya haraka, mama, nimeacha mteja ana povu kichwani."

Kucha aliigeuza baiskeli. Magurudumu hayakuyumba. Breki zilishika, na mnyororo ulikuwa mpya. Kisha ukucha wake ukapita chini ya bomba la chini, karibu na usukani. Ukakwama. Rangi ya hapo ilikuwa nene kuliko kwingine.

"Hapa pamepakwa rangi juu ya rangi," alisema. "Nikwangue, nipake chaki."

Kinyozi akacheka. "Ukwangue rangi yangu? Ukikwangua, umenunua! Kuna mtu anaisubiri saa tatu na nusu. Kwani wewe hapa ni fundi au ni mfagiaji?"

Vijana wawili waliokuwa wanajaza upepo tairi zao wakaangua kicheko. Twiga hakucheka. Alikuwa ameung'ang'ania usukani kwa mikono miwili.

"Kucha, ni nzima au si nzima? Mama amekubali leo, kesho sijui. Niambie tu."

Jibu la kweli lilikuwa neno moja: sijui. Kucha aliwatazama wale vijana, akaona bado wanatabasamu.

"Nzima," alisema, akakata uzi, akaufunga.

Siku ya kumi na moja, saa kumi na moja jioni, Twiga alikuwa anashuka mteremko wa nyuma ya shule fremu ilipokatika. Alivunjika mtulinga wa kushoto na meno mawili ya mbele.

Kesho yake mama yake, mshonaji wa nguo, aliingia karakanani akaviweka vipande viwili vya baiskeli juu ya meza.

"Fundi, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Uzi huu ni wenu?"

"Ni wetu." Fundi alimgeukia binti yake. "Ulipaka chaki?"

"Nilipaka, baba."

Fundi hakupaza sauti. Aliinua bomba lililokatika, akalielekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Njoo uangalie palipokatika. Nusu hii inang'aa. Imekatika jana. Nusu hii ni ya kahawia, imeliwa na kutu, na kutu ya namna hii haiji kwa siku kumi na moja. Ufa ulikuwepo. Chaki ingeuonyesha. Nakuuliza tena."

"Sikupaka."

"Na ukucha?"

"Ulikwama."

Mama yake Twiga aliketi juu ya rundo la tairi. "Dawati moja," alisema. "Miaka saba, dawati moja."

Fundi na Kucha walikwenda kwa kinyozi. Hakuizima hata mashine yake. "Mimi niliileta kwenu. Mwanao akasema nzima, watu wakisikia. Uzi wenu, kesi yenu."

Walipotoka nje, fundi alisema, "Alijua alichokifunika kwa rangi. Ni mwongo. Lakini kuhusu uzi, hajakosea."

Kwenye ukuta wa karakana ilining'inia baiskeli nyeusi ya mbio. Kucha na baba yake walikuwa wameiunda kwa mwaka mzima kutokana na vipuri vya masalio, iwe yake Kucha. Ilibaki waya wa breki tu. Fundi aliishusha. Kucha hakuuliza inakwenda kwa nani. Waya aliufunga mwenyewe.

Alikwenda pia kwa akina Twiga kuomba msamaha. Twiga alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia," alisema. Mashindano yalipita bila yeye, na aliporudi shuleni alimwomba mwalimu amhamishie dawati la dirishani.

Wiki ya sita baada ya ajali, Jumamosi, Twiga na mama yake walikuja kuchukua ile baiskeli nyeusi.

"Kucha ameshaipima," fundi alisema.

"Najua, baba," Twiga alijibu. "Naomba uipime wewe."

Kucha alikuwa ameshika kipande cha chaki. Baba yake alikichukua mkononi mwake.

"Umesikia, mwanangu. Hajakutukana. Uzi wenyewe haushikilii chochote. Watu wanapanda baiskeli kwa kuliamini neno letu. Siku ile ungesema hujui, wangekucheka dakika moja, basi. Sasa utapima vizuri kila siku, na bado wataomba mwingine arudie. Hujui kitu, sema hujui, hata kama mtaa mzima unacheka. Na usiniulize watakuamini tena lini. Mimi sijui."

Akakwangua rangi, akapaka mafuta ya taa, akafuta, akapaka chaki. Wote wakangoja robo saa. Chaki ilibaki nyeupe. Fundi alifunga uzi, na saa tano na dakika ishirini Twiga akaisukuma baiskeli nje kwa mkono wa kulia.