Mpaka Ng'ombe wa Mwisho Apite

Jumatano, saa kumi jioni. Nyakato.

Chumba kilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na kila kilichokuwamo kilikuwa na vumbi la pumba, hata koo za watu. Shimba alichora barabara kwa chaki juu ya meza. Mstari mmoja kutoka mjini mpaka Usagara. Mwingine ukikunja kulia mpaka Kigongo, kwenye pantoni. Katikati ya mstari wa pili akaweka kizibo cha soda.

"Hapa. Kesho, saa nne asubuhi. Isuzu ya Malimi. Mashine thelathini za mitumbwi, mpya, zinakwenda Sengerema. Hazitafika."

"Ulinzi?" Ojuok aliuliza. Alikuwa Mjaluo wa Shirati, mrefu, mcheshi, mwizi tangu shule ya msingi.

"Hakuna. Malimi bahili. Hata utingo kamfukuza. Dereva yuko peke yake."

"Na sisi tuna nini?"

Shimba aliweka bastola kando ya kizibo. Kija, mchunga ng'ombe aliyekodiwa kwa kazi ya siku moja, akasogeza kigoda chake nyuma.

Mhoja alikuwa amekaa mlangoni, mikono juu ya magoti. Yeye ndiye aliyeuleta mpango ule. Na mpango wenyewe ulikuwa sheria.

Miaka mitatu nyuma, mwaka tisini na moja, aliiendesha Isuzu ile ile ya Malimi. Siku moja, kwenye kipande kile kile cha barabara, alikuta ng'ombe wanavuka. Akasimama. Akasubiri. Hakupiga honi. Ndama mmoja akashtuka mwenyewe, akaanguka mtaroni, akavunjika mguu. Askari wa barabarani, Koplo Mayala, akatoa karatasi iliyochakaa mfukoni, akamsomea: dereva akikutana na ng'ombe katika barabara ya wilaya atazima injini, atashuka, atasimama upande wa kushoto wa njia mpaka ng'ombe wa mwisho apite.

Mhoja alicheka. Alidhani ni utani.

Hakimu hakucheka. Malimi, tajiri wake wa miaka tisa, alisimama mahakamani na suti yake akasema, "Dereva alipaswa kuijua sheria." Maneno manne. Miezi sita gerezani. Leseni ikafutwa. Alipotoka hakuna aliyempa usukani. Akasukuma mkokoteni wa samaki kule mwaloni, mitumbwi inakoshushia, yeye na uvundo wa sangara, huku akiirudia ile sheria kichwani kama mtu anayetafuna jiwe akitegemea litalainika.

Ilitungwa na Mwingereza, enzi ambazo magari ya wilaya nzima yalihesabika kwa vidole na ng'ombe hawajayazoea. Mwingereza akaenda zake. Ujamaa ukaja, nao ukachoka. Soko huria likaja. Sheria ilibaki kitabuni, imejikunja kama nyoka ndani ya kuni, inangoja mkono. Na tangu Mhoja afungwe, Koplo Mayala alikuwa amevuna madereva wengi kwa karatasi ile, mpaka kipande kile cha barabara kikatia watu adabu ya ajabu. Ukipita pale ukakuta ng'ombe, utaona wanaume wazima, madereva wa tani saba, wamejipanga upande wa kushoto kama watoto wa shule, magari yao kimya.

"Kija analeta ng'ombe," Shimba alisema. "Ojuok anavaa sare ya trafiki. Gari linasimama, dereva anazima, anashuka, anakwenda kushoto. Kushoto kuna majabali. Nyuma ya majabali niko mimi. Tunamfunga, tunamwacha. Mhoja anashika usukani. Karatasi zote za mzigo zinasema unavuka. Basi tunavuka nao."

"Na dereva akikataa kuzima?"

"Atazima," Mhoja alisema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa hajafungua mdomo tangu aingie.

"Unajuaje?"

"Anaitwa Yakobo. Alikuwa utingo wangu. Gari nimemfundisha mimi. Siku niliyotoka gerezani alikuja na sukari kilo mbili, nikamwambia neno moja: ukiona ng'ombe, zima, shuka. Atazima."

Ojuok alipiga mluzi mdogo. "Duh. Wewe mzee ni mbaya."

"Malimi ndiye ninayemtaka, si yule. Yakobo asiguswe. Hata kofi. Nataka nisikie hapa, mbele ya wote."

Shimba aliweka kiganja kifuani. "Damu haina soko, kaka. Hataguswa mtu."

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi.

Jua lilikuwa limeshika mawe. Kija alikuwa na ng'ombe sitini kwenye vichaka upande wa kulia, akiwatuliza kwa mluzi wa Kisukuma. Ojuok alijikagua ndani ya sare nyeupe iliyoshonwa na fundi wa Nyegezi.

"Nikimsimamisha mama yangu kwa nguo hizi," alisema, "atanipa chai kabla sijamwomba."

Mhoja na Shimba walichuchumaa nyuma ya majabali.

"Yakobo akiniona, ameniua," Mhoja alisema.

"Hatakuona. Namvika gunia kichwani kwanza. Ndipo utoke."

Saa nne na dakika nane.

Isuzu ilitokea kwenye mkunjo. Mhoja aliijua kabla hajaiona. Gia ya tatu ilikuwa bado inalia.

Kija akapiga mluzi. Ng'ombe wakamwagika barabarani. Ojuok akanyoosha mkono.

Isuzu ikapunguza mwendo. Ikasimama. Injini ikazimwa. Mlango ukafunguka, Yakobo akashuka, kofia mkononi, akatembea moja kwa moja mpaka upande wa kushoto, akasimama wima. Hakuna aliyemwambia neno. Mhoja alimtazama kupitia ufa wa jiwe, na hasira iliyokuwa ya Malimi miaka mitatu ikageuka ikamshika yeye mwenyewe shingoni. Mtoto wa watu alikuwa mtiifu. Utii ule Mhoja ndiye aliyempa.

"Shikamoo, afande," Yakobo alisema.

"Marahaba," Ojuok akajibu.

Shimba alitoka na bastola. Gunia, kamba, magoti chini. Dakika mbili. Yakobo hakupiga kelele. Alisema tu, "Chukueni, jamani, si langu."

Mhoja akatembea kwa ncha za vidole mpaka kwenye gari. Akapanda. Ng'ombe walikuwa wamesimama. Hapakuwa na injini, hapakuwa na upepo. Kimya cha sheria.

Akagonga dashibodi mara tatu kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, ngo, kama mgeni anayebisha hodi, kisha akapiga stata.

Alifanya hivyo miaka tisa, kila asubuhi. Hakujua kama mkono umefanya. Alijua aliposikia sauti chini ya gunia.

"Kaka Mhoja?"

Halafu tena, kwa mshangao wa mtu anayeamshwa usingizini: "Kaka Mhoja, ni wewe?"

Bastola ililia mara moja. Ng'ombe wakatawanyika.

Saa nne na dakika kumi na tisa.

Walikuwa watatu mbele. Mhoja usukanini, Ojuok katikati, Shimba mlangoni na bastola chini ya shati.

"Ulisema damu haina soko."

"Alitaja jina. Lako, si langu. Nimekuokoa. Sema asante."

"Amekufa?"

"Kama bado, jua litamaliza. Endesha."

Ojuok alivua kofia ya sare akaishika mapajani. "Shimba, hatukukubaliana hivi."

"Na wewe unataka?"

Mhoja akaendesha. Alikuwa mtu wa kufikiri pole pole, na sasa alifikiri pole pole, kitu kimoja baada ya kingine, kama anayefungua nati za gurudumu. Bastola iko mlangoni. Gari liko mikononi mwangu. Yakobo yuko nyuma. Mbele kuna pantoni. Na pantoni ina sheria yake.

Saa nne na dakika ishirini na saba. Kigongo.

Foleni ilikuwa fupi. Isuzu ikawa ya mwisho, halafu pikapu moja ikaja nyuma yake. Mama mmoja mnene mwenye filimbi alipita akigonga milango.

"Abiria shukeni! Mnapita lango la miguu! Abaki dereva peke yake!"

Shimba akatoa kichwa dirishani. "Mama, sisi ndio wenye mzigo."

"Hata uwe mwenye ziwa, baba. Shuka."

"Tuna haraka."

"Wote wana haraka. Juzi gari limeteleza na watu ndani, tumewavua kama furu." Akamwona Ojuok. "Na wewe afande! Wewe si ndiye ungewafundisha hawa? Aibu!"

Watu wa foleni wakaanza kugeuka. Ojuok alishuka haraka kama aliyechapwa. Shimba alibaki kidogo, mkono chini ya shati. Akaangalia filimbi ya yule mama, akaangalia askari wawili wenye bunduki langoni. Akainama sikioni mwa Mhoja.

"Nitasimama kwenye reli. Nakuona kila hatua."

"Sheria ni sheria," Mhoja alisema.

Shimba akashuka. Akapita lango la miguu na wenye kuku na magunia ya muhogo. Mhoja alimwona akipanda pantoni, akisimama kwenye reli kama alivyosema.

Magari yakaanza kuingia. Ilipofika zamu yake, Mhoja alitoa mkono dirishani akaipungia pikapu ya nyuma ipite. Ikapita, na nafasi iliyobaki haikutosha lori. Mnyororo ukafungwa. Mlango wa chuma ukapanda. Maji yakaonekana, hatua moja, hatua tano, hatua ishirini.

Shimba alifungua mdomo. Watu mia wakimzunguka, bastola tumboni, na hakuna la kupiga kelele.

Mhoja akageuza gari.

Saa tano kasoro dakika tano.

Kija alikuwa bado pale. Alikuwa amevua shuka lake na kulifunga kwenye paja la Yakobo, juu kabisa, fundo la kufungia ndama. Lilikuwa limelowa.

"Nilitaka kukimbia," Kija alisema. "Ng'ombe walirudi wakamzunguka. Nikaona haya."

Wakambeba. Uso wa Yakobo ulikuwa wa majivu. Walipomweka kwenye kiti, Kija akarudi kwa ng'ombe wake, na Yakobo akafungua macho.

"Nilizima, kaka," alisema. "Nilishuka."

"Najua."

"Nilisimama kushoto."

"Nyamaza, mdogo wangu. Nyamaza."

Saa tano na dakika kumi na mbili. Usagara.

Ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe walijaa barabara kutoka mtaro mpaka mtaro, mia, labda mia mbili. Upande wa kushoto, madereva wanne wamejipanga kimya. Mbele yao, kofia nyeupe, kitabu mkononi, Koplo Mayala.

Mhoja hakuzima. Aliingiza gia ya kwanza, akakandamiza honi, akaingia katikati ya mapembe. Wachungaji walimtukana kwa Kisukuma. Madereva walitoa macho.

Mayala akaruka mbele ya gari. Alikuwa amezeeka. "Zima injini!"

"Sizimi!"

"Zima! Shuka!" Kisha akamtambua. "Mhoja? Wewe si huna leseni?"

"Unaijua ilipo, si uliichukua wewe! Panda uone sheria yako ilivyozaa! Panda!"

Mayala alikanyaga ngazi ya mlango akachungulia. Aliona shuka. Aliona damu imetiririka mpaka kwenye pedali.

"Sikuitunga mimi," alisema.

"Uliitumia wewe. Na mimi nimeitumia. Nimemkamata kwayo, kama ulivyonikamata. Wenzangu wako kwenye pantoni, mmoja ana bastola, mwingine amevaa sare yako. Nifunge, mimi sikimbii. Lakini injini hii haizimwi."

Koplo Mayala alishuka. Akampigia kelele mwenzake mwenye pikipiki akimbilie kwenye redio ya kituo. Halafu akavua kofia yake nyeupe, akaingia katikati ya ng'ombe, akawa anawapiga nayo matakoni, kulia, kushoto, akifoka kama mchungaji, mpaka njia ikafunguka. Akarudi akapanda. Mkono mmoja ulimshikilia Yakobo begani asianguke. Mwingine ulifungua kitabu juu ya goti, na njia nzima mpaka hospitali, kila gari liliporuka shimo, Koplo Mayala aliandika.

Shimba na Ojuok walikamatwa Busisi, ng'ambo ya maji, mlango wa pantoni ulipogusa nchi kavu. Bastola ilikuwa imeshatupwa ziwani. Sare haikutupika.

Miezi miwili baadaye, saa tatu asubuhi. Mahakamani.

Malimi alikuwa mstari wa mbele na suti yake. Mashine zake thelathini zilikuwa zimerudi, hata moja haikupungua, na mashitaka yakiwa hayajasomwa alikuwa ameshamwita Yakobo pembeni, akamwambia mtu wa mguu mmoja mzima hawezi kukanyaga klachi. Yakobo alikaa benchi la nyuma kabisa, mkongojo katikati ya magoti.

Karani alisimama, akasafisha koo. Mashitaka yalipangwa kama koplo alivyoyaandika ndani ya gari, kwa mfuatano wake.

"Shitaka la kwanza. Kwamba tarehe iliyotajwa, katika barabara ya wilaya, mshitakiwa alikutana na ng'ombe na hakuzima injini, wala kushuka, wala kusimama upande wa kushoto mpaka ng'ombe wa mwisho apite."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mshitakiwa," hakimu alisema, "ni kweli au si kweli?"

Mhoja aligeuka akamtazama Yakobo. Kisha akamtazama Malimi, kwa muda mrefu, mpaka Malimi akarekebisha tai.

"Ni kweli, mheshimiwa. Na wangekuwa elfu, nisingezima."

Hakimu aliandika. Kalamu ilisikika chumba kizima. Alipomaliza akalamba kidole, akafungua ukurasa wa pili, penye shitaka la ujambazi.