Funguo za Afande Ruben

"Arusi ni leo. Bibi arusi iko mu camion."

Phionah Biira aliusoma ujumbe mara moja, akaufuta, akapanda ngazi za nyumba ya wageni mjini Bwera, upande wa Uganda, akiwa na begi la kompyuta begani na bastola ya Glock 19 chini ya shati.

Aliyeutuma ni Laurentine, mchuuzi wa kakao kutoka Butembo, Kongo. Maana yake ilikuwa fupi. Lori limeondoka Beni. Ndani ya magunia ya kakao mna viwashio vya mabomu. Na bibi arusi ni Laurentine mwenyewe: amepakiwa humo humo.

Hilo la mwisho halikuwa kwenye mpango.

Ndani ya gunia moja Laurentine alikuwa amefukia kifaa cha kufuatilia, kidogo kama kibiriti. Kifaa hicho kilizungumza na kompyuta moja tu, na kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa begani kwa Phionah. Bila hiyo, lori lingeyeyuka kati ya malori mengine siku hii ya soko, na Laurentine pamoja nalo. Watu waliompakia hawakuwa na desturi ya kumrudisha shahidi kwao.

Alifunga mlango. Akaweka ThinkPad mezani. Akabonyeza kitufe.

Skrini nyeusi. Kisha mstari mmoja mweupe: mashine haikuona pa kuwakia.

Akazima. Akawasha tena. Mstari ule ule.

Alichukua redio yake ya Motorola.

"Afande Ruben, Biira hapa. Kompyuta inakataa."

"Inakataa namna gani?"

"Inasema haina pa kuwakia. Asubuhi pale Kasese uliiwasha mbele yangu, ikawaka vizuri."

"Ni ile virusi. Fundi aliyepiga Windows upya alisema inaweza kurudi. Wacha hiyo kitu, Phionah. Mimi niko hapa mupaka, naona kila gari inapita. Lori bado."

"Bado kabisa?"

"Bado. Unataka nikuimbie?"

Phionah alitabasamu bila kutaka. Ruben alikuwa hivyo. Mwaka ule mto Nyamwamba ulipofurika na kuzoa nyumba za mgodi Kilembe, Ruben ndiye aliyempitisha mama yake majini, mgongoni. Ndiye aliyemwingiza Phionah katika Idara ya upelelezi. Siku ya kuposwa kwake, kwa kuwa baba alikwisha kufa, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba.

Hata kasoro zake zilipendwa ofisini. Alikaa Beni miaka mitatu katika operesheni ya pamoja, akajifunza kuandika kwa kompyuta za kule, zile za Kifaransa ambazo A hukaa mahali pa Q. Vidole vyake havikurudi tena nyumbani. Kila ripoti yake ilianza "Qfande". Vijana wakamwita Kwafande. Alicheka, akaitika.

"Sawa, Kwafande," Phionah alisema. "Endelea kuangalia."

Akaweka redio chini. Hakuiacha kompyuta.

Kompyuta haina hasira wala kisirani. Ikikataa, ina sababu, na sababu hutafutwa kwa mpangilio.

Umeme? Betri ilikuwa imejaa. Diski? Alibonyeza F1, akaingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine. Diski ilionekana, jina na ukubwa wake. Haikufa. Mpangilio wa kuwasha? Sahihi. Virusi? Kirusi huhitaji mashine iwake kwanza ndipo kifanye kazi yake, na mashine hii haikuwa ikifika huko.

Alitoa flashi yake ya uokoaji, akaichomeka, akabonyeza F12, akaiamuru mashine iwakie hapo. Ikatii. Sasa angeweza kuifungua diski na kuchungulia ndani, kama daktari anayempasua mgonjwa.

Windows ilikuwamo, mpya, nzima, haina mkwaruzo.

Kilichokosekana ni kiwashio. Lile faili dogo ambalo mashine hulisoma kwanza, linaloiambia: nyumba iko huku, ingia.

Kosa hilo Phionah alilijua. Mtu anayepiga Windows upya kwa haraka huiacha mashine ichague yenyewe pa kuweka kiwashio. Kukiwa na flashi nyingine imechomekwa, mashine huweza kukiweka humo. Tangu hapo kompyuta huwaka ikiwa tu flashi hiyo imo. Ukiichomoa, umeondoka na ufunguo wa mlango.

Kwa hiyo kiwashio kilikuwa kwenye flashi ya fundi.

Lakini asubuhi, Kasese, fundi hakuwepo. Na kompyuta iliwaka.

Phionah aliirudisha asubuhi ile kichwani. Boneti ya Land Cruiser karibu na stesheni ya zamani ya reli. Ruben anafungua kompyuta, anabonyeza, picha inatokea. "Unaona? Mpya kama bibi arusi." Na ubavuni mwa mashine kulikuwa na kitu kinaning'inia, kinacheza kwa upepo.

Funguo.

Funguo za gari la Ruben, na medali ndogo ya Bikira Maria, na flashi ya bluu iliyofungwa pamoja nazo. Flashi ilikuwa imechomekwa. Kisha akazima, akachomoa funguo zake, akamkabidhi kompyuta.

Huo bado haukuwa ushahidi. Mtu huweza kuchomeka flashi yake kwa jambo lolote. Phionah alitaka jambo la pili.

Aliiagiza flashi yake ya uokoaji iiamshe Windows iliyo kwenye diski. Dirisha la nenosiri likafunguka. Nenosiri lilikuwa lile la siku zote la Idara, linaloanza kwa A. Aliandika, likakataliwa. Akabonyeza alama ya jicho ili aone alichokuwa akiandika.

Alibonyeza A.

Ikatokea Q.

Aliondoa mkono. Akabonyeza tena, polepole.

Q.

Yeyote aliyeipiga Windows hii aliulizwa na mashine achague mpangilio wa kibodi, naye akachagua ule wa vidole vyake. Katika Idara nzima vidole hivyo vilikuwa vya mtu mmoja.

Hakukuwa na fundi.

Chini sokoni mwanamke alikuwa akipigania bei ya samaki wa chumvi, na sauti yake ilifika dirishani wazi kabisa, kama siku nyingine yoyote.

Akaandika nenosiri kwa mpangilio wa Kifaransa. Mlango ukafunguka.

Programu ya kufuatilia ilitakiwa iwe imefutika, lakini Ruben alikuwa na haraka. Aliweka Windows mpya bila kufuta ya zamani, na ikifanyiwa hivyo, Windows hukusanya vyote vya zamani katika folda moja pembeni. Phionah aliifungua. Programu ilikuwamo. Akaibonyeza mara mbili.

Ramani. Nukta nyekundu.

Nukta haikuwa upande wa Kongo, wala mpakani. Ilikuwa imetulia nyuma ya Bwera, kwenye kinu cha kukoboa kahawa kilichofungwa tangu msimu uliopita, kando ya njia ya Kisinga.

Alichukua redio. Sauti yake haikubadilika.

"Afande, habari ya lori?"

"Bado. Halijavuka mupaka. Nakuambia, Phionah, rudi Kasese na hiyo takataka. Hapa nitamaliza mimi."

"Nimekusikia, Afande."

Hakusema Kwafande. Ruben hakulisikia hilo.

Akazima redio. Akapiga simu kwa Hanifah, afisa wa zamu Kasese.

"Hanifah, usiguse redio. Ina masikio."

"Ya nani?"

"Ruben."



"Una uhakika, dada?"

"Nina mambo matatu, na yote yanasema jina moja. Nataka askari kwenye kinu cha zamani, njia ya Kisinga. Wazibe lango la nyuma, wasiingie mpaka wasikie kelele."

"Kelele gani?"

"Wataijua."

Hilux ya Phionah iliacha barabara, ikajificha nyuma ya migomba. Phionah alitembea hatua za mwisho na kompyuta mkononi, imewashwa, flashi yake bado imechomekwa. Akapiga magoti kwenye ufa wa uzio wa mabati.

Lori lilikuwa uani, turubai limefunuliwa. Laurentine alikaa chini, mikono imefungwa kamba ya katani. Juu ya rundo la magunia alikaa mwanamume mnene mwenye AK-47 mapajani. Huyo ni Katembo, mwenye mzigo, ambaye Idara ilimtafuta mwaka mzima.

Na kando ya Land Cruiser, akizungusha funguo kidoleni, Afande Ruben.

"Ule mutoto wako haitakuja?" Katembo aliuliza.

"Amekwenda Kasese. Huyo nikimwambia kaa, anakaa."

"Na huyu mama?"

Ruben alimtazama Laurentine, kisha akatazama pembeni. "Huyo ni wako."

"Weye Ruben," Laurentine alisema, "ulikula ugali kwangu Butembo. Na bibi yako alikula. Leo haunijue?"

Katembo akainua bunduki.

Phionah alibonyeza kitufe kimoja kwenye kibodi.

Kile kifaa kilitengenezwa ili kisipotee. Kikiamriwa, hulia. Kililia chini ya makalio ya Katembo, mlio mwembamba mkali wa kuchoma masikio. Katembo aliruka, akageuka, akalielekezea gunia la kakao bunduki.

Risasi ya Phionah ilimpata begani. AK ikaanguka upande mmoja, mwenyewe upande mwingine.

Lango la nyuma lilivunjwa. Dereva wa lori alikimbia, akaingia mikononi mwa askari.

"Lala chini! Mikono juu ya kichwa!"

Ruben alikuwa amefikisha mkono kiunoni.

"Usifanye hivyo," Phionah alisema, akipenya ufa wa uzio na kompyuta kwapani. Glock ilikuwa imetulia. "Unajua navyolenga. Ulinifundisha wewe."

Mkono ukarudi polepole.

"Phionah. Mwanangu, sikiliza."

"Funguo. Weka kwenye boneti."

"Watu wa Katembo walinishika Beni. Ulidhani waliniachia bure? Kila siku tangu nirudi, mimi ni mutu wao. Hukujua nimebeba nini."

"Mama yangu ulimbeba ukiwa mtu wao?"

Ruben alizitazama funguo mkononi mwake.

"Funguo," Phionah alirudia.

Zikalia kwenye boneti. Phionah aliweka kompyuta kando yake, akaizima, akachomoa flashi yake mwenyewe. Akawasha mashine bila kitu. Mstari mweupe: haina pa kuwakia. Kiongozi wa askari alisogea, akasoma, akaitikia kwa kichwa kwamba ameona.

Kisha akachomeka flashi ya bluu, na funguo zote na medali zikaning'inia ubavuni. Akabonyeza kitufe.

Kompyuta ikawaka mara moja, bila kusita, kama mbwa aliyemwona mwenyewe. Katikati ya skrini likatokea neno moja la kukaribisha, kwa Kifaransa.

Bienvenue.

Mlio ulikuwa umekoma. Ruben alilitazama neno lile.

"Ningeiharibu pale pale Kasese," alisema hatimaye, kana kwamba anasahihisha ripoti. "Nilitaka ife mikononi mwako, si mwangu. Hilo ndilo kosa."

"Kosa la kwanza ni kuchagua kibodi."

Askari walimfunga pingu. Phionah alikata kamba ya Laurentine kwa kisu cha mfukoni.

"Wasingya," Laurentine alishukuru, akisugua vifundo vya mikono. Kisha akamtazama usoni. "Ule alikuwa mutu wako?"

"Alikuwa."

"Pole, mama."

Phionah alizima kompyuta, akachomoa flashi, akaitenga na funguo, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi. Medali akaifungua pia, akaiweka kwenye mfuko wa shati la Ruben, kwa kuwa haikuwa ushahidi wa chochote.

"Hutaniita hata Afande?" Ruben aliuliza.

"Neno hilo," Phionah alisema, "hukuwahi kuliandika sawasawa."

Akatia begi begani, akatoka kupitia lango lililovunjika, akaelekea kwenye Hilux. Simu mfukoni ililia: Hanifah.

"Biira, kompyuta imewaka?"

"Imewaka."

"Shida ilikuwa nini?"

Phionah aliwasha gari, akaligeuza kuelekea Kasese.

"Ufunguo ulikuwa kwa mtu."