Insulini ya Busiu

Saa mbili asubuhi. Jinja, nyuma ya duka la vitenge.

Umar, mkubwa wao, aliweka simu mezani. "Janepher, mtu wetu, yuko ndani ya stoo ya dawa. Saa tano anabadilisha oda kwenye kompyuta. Dereva ataambiwa Busiu badala ya Soroti. Mzigo atatuletea mwenyewe."

"Na bunduki?" aliuliza Nasif, mwenye gari.

"Ya nini? Siku hizi lori linaibwa kwa kidole."

Wahab hakucheka. Miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza stoo hapo hapo Jinja, enzi za oda za karatasi, nakala tatu, kaboni na muhuri. Kompyuta ikaja, akaonyeshwa mlango. Ujambazi haukuwa kazi yake, wallahi. Lakini Zulaika, mkewe, alikuwa kitandani Mbale, sukari imempanda, na hospitali wimbo ni ule ule: insulini imekwisha, mzee, rudi kesho. Kesho gani hiyo?

"Nataka kartoni moja," alisema. "Nyingine gaweni."

"Utapata," Umar alijibu.

Saa nane mchana. Busiu.

Lori la baridi liliegeshwa mbele ya stoo waliyokodi. Wahab, ndani ya koti jeupe, akatoa muhuri na kidau cha wino. Dereva akamkodolea macho.

"Muhuri wa nini, mzee? Weka kidole hapa kwenye simu."

Mkono wa Umar uliingia ndani ya jaketi. Kumbe bunduki ilikuwepo! Wahab aliurudisha muhuri mfukoni. Akaweka kidole, simu ikalia. Dereva akashusha mzigo, akaenda zake. Ndiyo basi, dawa ya wilaya nzima imepokewa na mzee asiye na kazi.

Saa tisa kasoro.

Nasif alikuwa anapakia kartoni garini Janepher alipopiga simu. Umar alisikiliza, akakata simu. Akarudi kwenye mzigo. Akairuka kartoni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akavuta ya nne.

"Yako hii. Kimbia, mama anangoja."

"Si uifungue, utie chupa kwenye mfuko?" Nasif alisema.

Wahab alikasirika. "Sili ya kartoni haivunjwi njiani! Inavunjwa kwa mpokeaji."

Hata akiiba, alibaki mtunza stoo. Umar akampungia mkono.

Saa kumi. Mbale, Namakwekwe.

Alivunja sili mbele ya Zulaika. Katikati ya chupa kulikuwa na kidude cheupe, taa ya kijani ikiwaka na kuzima. Hakukijua. Akakiweka kando, akatafuta sindano. Mlango ukapigwa teke, akaingia Afande Wanyera na polisi wenzake.

"Chini! Nyingine ziko wapi?"

"Busiu, afande."

"Busiu tumeshapita, stoo ni tupu. Hii tu ndiyo yenye kidude cha kutuambia iko wapi."

Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Umar alijua, Janepher alimwambia kwenye ile simu! Alimfanya chambo, ili yeye apate njia.

"Nifunge, afande. Nipige. Ila mwachie chupa moja, anakufa huyu."

Afande Wanyera alimtazama Zulaika. Kisha akaifunga kartoni. "Ni kielelezo, mzee. Lazima ifike kortini kamili."

"Kesi lini?"

"Mwezi ujao itatajwa."

Zulaika hakuweza hata kukaa. "Wahab," aliita kwa sauti ndogo, "unarudi saa ngapi?"

Walimtoa nje na pingu mikononi, analia kama mtoto, na majirani wakapisha njia.